Sura ya Sita: Uso wa Otenyo

Karne nyingi kabla Christopher Columbus hajavuka bahari, katika pwani ya kaskazini ya Peru aliishi mwanamume mwenye kovu kwenye mdomo wa juu. Jina lake limepotea. Watu wake, ambao siku hizi huitwa Wamoche, hawakuwa na maandishi, na waliomzika hawakuacha neno lolote linaloweza kusomwa. Uso wake lakini tunao. Tunao akiwa mtoto wa miaka kama kumi, tunao akiwa kijana, tunao akiwa mtu mzima aliyepita thelathini, mashavu yamejaa na macho yametulia. Christopher Donnan, mwanaakiolojia wa Marekani aliyechapisha kitabu kizima kuhusu nyuso za Wamoche mwaka 2004, alimtambua mtu huyu kwenye vyombo zaidi ya 40, vyote vikiwa na kovu lile lile.

Ndiyo, vyombo. Uso huo ni mtungi. Kichwa ndicho tumbo la mtungi, na juu ya utosi kuna mkono wa mviringo ulio wazi ndani, unaopanda kutoka pande mbili na kukutana kwenye shingo moja fupi ya kumiminia. Ukiukamata mkono huo unakibeba kichwa cha mtu kizima kwenye kiganja, na ukikiinamisha kinamwaga kinywaji. Wamoche walifinyanga vichwa vya namna hii kwa wingi, katika mabonde ya Chicama, Virú na Santa, kati ya mwaka 100 na 800 hivi baada ya Kristo. Mfinyanzi alianza kwa kuumba kichwa kizima cha udongo mzito, akakifunika kwa udongo mwingine kutengeneza kalibu ya vipande viwili, mbele na nyuma. Kalibu ikishachomwa, alibandika udongo laini ndani ya kila nusu, akaziunganisha, akaweka shingo, akapaka rangi nyekundu na nyeupe ya maziwa, akachoma. Ndiyo maana mtu mmoja aliweza kuwa na nyuso nyingi zinazofanana. Kilemba kilibadilishwa, hereni zilibadilishwa, rangi ya shavu ilibadilishwa, ila mtu alibaki yule yule.

Jijini Lima, katika jumba la makumbusho lililoanzishwa na Rafael Larco Hoyle mwaka 1926, mgeni anaruhusiwa kuingia hadi ghalani, na humo anapita kati ya rafu baada ya rafu za vichwa. Wako wanaocheka. Wako waliofumba jicho moja kwa ugonjwa. Katika sanaa hiyo wako pia mateka, kamba shingoni, wakisubiri kuchinjwa, na mfinyanzi amewapa heshima ile ile ya kuwatazama vizuri kabla hajagusa udongo.

Nimeanza mbali hivyo kwa sababu ya mtu wa karibu. Kule Peru yupo mtu mwenye uso asiye na jina. Huku Gusii, magharibi mwa Kenya, tunaye mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mtoto wa shule kuanzia Keroka hadi Suneka, na uso wake haukuingia kwenye udongo wala kwenye jiwe. Huyo ni Otenyo Nyamaterere.

Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma askari wa King's African Rifles kuja kuwapiga Abagusii, na bunduki ya rashasha ikaua vijana waliokuja na mikuki. Mwaka 1907 kituo cha serikali kikawekwa pale ulipo mji wa Kisii leo, na ofisa kijana, Geoffry Northcote, akaanza kutawala. Watu walimwita Nyarigoti. Katika nchi ya Kitutu, ambayo leo imegawanyika kati ya kaunti mbili, Kitutu Chache ikiwa Kisii na Kitutu Masaba ikiwa Nyamira, alikuwako mama mmoja aliyeheshimiwa kwa uaguzi na uganga wake, Moraa wa Ng'iti. Moraa aliwaonya watu wazi kwamba wageni hawa wangewanyang'anya nchi, na akawahimiza vijana wawafukuze. Otenyo alikuwa kijana wa jamaa yake. Januari 1908 Otenyo alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki.

Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Walioteketea ni watu wa Gusii. Jeshi lilirudi, likachoma nyumba, likachukua ng'ombe kwa maelfu, likaua watu waliokuwa wakikimbia, hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni mjini London, aliposoma simu za habari aliandika kulalamika kwamba mauaji yamepita kiasi. Otenyo alikamatwa, akapigwa risasi. Na hapa ndipo masimulizi ya Kitutu yanapofikia jambo ambalo halijafungwa hadi leo: wazee wanasimulia, na ukoo wake unashikilia, kwamba alikatwa kichwa, na kichwa kikapelekwa Uingereza. Kiwiliwili kilibaki. Wazee na jamaa zake wameomba mara kadhaa kichwa kirudishwe kizikwe.

Asiyetoka Gusii anaweza kudhani kwamba dai hili ni la kisiasa tu. Msingi wake uko ndani zaidi. Mgusii huzikwa nyumbani, katika boma lake, mahali panapojulikana na wajukuu. Aliyekufa mbali husafirishwa kwa gharama yoyote, hata ikibidi kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Ebirecha, roho za waliotangulia, hazisahau walio hai, na walio hai hawaruhusiwi kuzisahau. Kwa watu wa namna hiyo, maiti isiyo kamili ni msiba uliosimamishwa katikati. Umeshatimiza zaidi ya miaka 100.

Sasa twende Tabaka, kwa wachongaji wa jiwe, kuuliza kwa nini uso huo haukuchongwa.

Ukitoka mji wa Kisii kwa barabara ya Migori, ukaingia Mugirango Kusini, unaanza kuona unga mweupe kando ya njia kabla hujaona kilima chenyewe. Huo ni unga wa jiwe. Tabaka imekaa juu ya mwamba wa kale wa volkano ambao baada ya muda mrefu mno umegeuka kuwa laini kiasi cha kukatika kwa kisu. Duniani kote unajulikana kama jiwe la Kisii. Uko mweupe, uko wa rangi ya maziwa, wa waridi, wa manjano, wa kijivu, na ule mweusi mgumu ambao wachongaji wengi huuogopa kwa sababu unachosha mkono.

Wachimbaji huingia shimoni na mtaimbo, jembe na panga. Kazi hii ina hatari ambayo wanunuzi wa vinyago hawaijui: mvua ikinyesha sana, kuta za machimbo hulegea na kuporomoka, na zimekwisha kuua watu. Jiwe likitoka bado lina unyevu, na huo ndio wakati wake mzuri. Likikauka hukaza, kwa hiyo mchongaji hulimwagia maji au kuliloweka. Kwanza anashika panga au kishoka na kuangusha pembe. Vipande vinaruka, umbo linaanza kuonekana kwa juu juu, kama ni kiboko au ni mtu. Halafu anakaa chini, analiweka jiwe mapajani, anachukua kisu kifupi. Kuanzia hapo hazungumzi sana. Kisu kinavutwa kuelekea kwake, kidole gumba kikilisukuma jiwe kutoka upande wa pili, na kila mvuto unaondoa utepe mwembamba unaosagika kuwa unga kabla haujagusa ardhi. Mavumbi yanakaa kwenye kope, kwenye nywele za mikono, na kwenye mapafu.

Akimaliza, jiwe linakwenda kwa wanawake. Wao hukaa karibu na beseni za maji na msasa, wakianza na ule wenye kukwaruza, kisha laini, kisha laini zaidi, wakilichovya jiwe na kulisugua hadi mistari yote ya kisu ipotee. Ni kazi ya saa nyingi, maji yanakuwa mazito kama uji wa mtoto, na ngozi ya vidole inachubuka. Kinyago kinachouzwa kwa sifa ya mchongaji mmoja kwa kweli kimepita mikononi mwa watu wanne au watano. Baada ya msasa hukaushwa, hupakwa nta ili king'ae, au hupakwa rangi, kisha michoro ikakwaruzwa kwa ncha kali ili weupe wa ndani uchungulie.

Kabla ya biashara hii ya wageni, jiwe hili lilikuwa na kazi za nyumbani. Walichonga vikombe vya kiko vya kuvutia tumbaku, mabakuli, na mbao za mchezo wa bao. Unga wake mweupe ulipakwa mwilini siku za sherehe na ngoma. Vyungu vya udongo ni habari nyingine, kwani vingi vililetwa sokoni na wafinyanzi wa Kijaluo kutoka nchi ya chini upande wa ziwa, wakavibadilisha kwa nafaka ya milimani. Wimbi la Gusii lilishuka, vyungu na samaki vikapanda.

Nimejiuliza kwa nini kwetu chungu hakikupata uso, na jibu langu linatoka kwenye pombe yenyewe. Mtungi wa Mmoche ulishikwa na mkono mmoja. Ulikuwa wa mtu na wa kumiminia mtu. Pombe ya wimbi ya Gusii ilikaa kwenye chungu kimoja kikubwa katikati ya nyumba, maji ya moto yakiongezwa, na wazee wakikizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Walikunywa kutoka tumbo moja. Chungu hicho kilikuwa cha baraza zima, na ukikichonga uso wa mtu mmoja umewanyima wengine. Uso wa mtu ulihifadhiwa kwa njia nyingine kabisa, kwa jina. Mtoto akizaliwa hupewa jina la babu au bibi aliyefariki, na tangu siku hiyo watu humtafuta marehemu ndani ya mtoto: paji lake, kicheko chake, jinsi anavyokunja uso akikataa chakula.

Hiyo haina maana kwamba watu wetu hawakukijua kichwa cha binadamu. Walikijua kuliko karibu watu wote wa Afrika, na walikijua kwa vidole. Katika Gusii kulikuwa na waganga wapasuaji walioitwa ababari, mmoja akiwa omobari, ambao kazi yao ilikuwa kufungua fuvu la mtu aliye hai. Aliyepigwa rungu kichwani au kuanguka vibaya, na baadaye akateswa na maumivu ya kichwa yasiyoisha, alipelekwa kwa omobari. Ngozi ilipasuliwa na kufunguliwa, damu ikazuiwa, kisha mfupa ukakwaruzwa kidogo kidogo, utepe baada ya utepe, hadi sehemu iliyoumia ikaondoka na utando unaofunika ubongo ukaonekana. Hapo mkono ulipaswa kusimama. Ukizidi kidogo, mtu amekufa. Jeraha lilifunikwa kwa dawa za miti shamba, na wengi walipona na kurudi mashambani wakiwa na bonde kichwani ambalo ungeweza kuliona likipwita chini ya ngozi.

Daktari Edward Margetts wa Kanada, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi miaka ya 1950, aliwafuatilia wapasuaji hawa na wagonjwa wao na kuandika juu yao. Mwaka 1985 kundi la madaktari likiongozwa na David Furnas lilichapisha taarifa nyingine kuhusu kazi ya ababari katika jarida la upasuaji wa kurekebisha maumbile. Elimu hiyo ilikuwa ikirithiwa ndani ya koo, mtoto akimtazama baba kwa miaka kabla ya kugusa kisu.

Na nchi gani nyingine duniani ina sifa kubwa ya kazi hii? Peru. Mwanadiplomasia wa Marekani Ephraim George Squier alipewa fuvu huko Cuzco katika miaka ya 1860, lenye tundu la pembe nne lililokatwa kwa ustadi. Mwaka 1867 Paul Broca, bingwa wa ubongo wa Ufaransa, aliwaonyesha wenzake wa Paris kwamba mwenye fuvu hilo alikuwa hai alipokatwa, kwa maana mfupa ulikuwa umeanza kujibu jeraha. Tangu hapo yamepatikana mafuvu mamia, hasa ya watu wa Paracas kusini na wa milimani. John Verano na wenzake walikokotoa mwaka 2018 kwamba enzi za Wainka, kati ya wagonjwa wanne karibu watatu au zaidi walipona, ilhali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka 400 baadaye, karibu nusu ya waliopasuliwa fuvu walikufa.

Sidai kwamba Peru na Gusii ziliwahi kujuana. Watu wawili waliotenganishwa na bahari walikabiliwa na tatizo moja, rungu kichwani, na wote wawili walikuwa na mikono iliyozoea kukwaruza kitu kigumu kwa subira. Naamini kabisa kwamba mkono wa omobari na mkono wa mchongaji wa Tabaka ni ndugu. Kisu kile kinachovutwa kuelekea kwako, utepe mwembamba, na lile jambo gumu kuliko yote, la kujua pa kusimama.

Kwa hiyo inaniuma kuona vichwa vinavyotoka Tabaka leo. Tembea madukani Kisii mjini, au Nairobi, au kwenye vibanda vya uwanja wa ndege, utavikuta: mume na mke wamekumbatiana, mama na mtoto, familia ya watu watano imefungamana kwenye kipande kimoja, na vichwa vyote ni mipira mitupu. Havina macho, pua wala mdomo. Sanaa hiyo ina uzuri wake na siidharau. Mstari wa shingo unaoshuka hadi begani katika kazi nzuri ya Tabaka unaweza kukufanya usimame. Hata hivyo sababu ya nyuso hizo kupotea ni soko. Mchongaji hulipwa kwa kipande, na bei anayopewa na mtu wa kati ni ndogo mno kulipia saa za kuchonga jicho. Pua huvunjika safarini. Na mnunuzi wa mbali hataki mtu fulani, anataka mtu yeyote, wa kuweka mezani penye nafasi. Wakichonga uso, mara nyingi ni wa Mmaasai mwenye hereni ndefu, kwa kuwa huyo ndiye Mwafrika ambaye mgeni amekuja akimtafuta. Mikono iliyofungua mafuvu na kuyafunga sasa inachonga vichwa visivyo vya mtu.

Uwezo upo, hilo halina ubishi. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesoma Makerere na baadaye Kanada, alichonga Ndege wa Amani anayesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris tangu 1978. Ni jiwe la kwao, kwa ukubwa ambao wengi walidhani jiwe hilo haliwezi kuubeba. Lililomfikisha Ong'esa huko ni kupewa muda, kuaminiwa, na kulipwa kama msanii.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wa zamani kwamba uso wa binadamu si kitu cha kigeni mikononi mwa wafinyanzi wetu. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Luzira karibu na Kampala, kazi za kwenye eneo la gereza zilifukua vipande vya sanamu za udongo uliochomwa. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alivishughulikia, na vikapelekwa British Museum, ambako viko hadi leo. Kikubwa kati yake ni kichwa: macho yamevimba, midomo imechomoza kama ya mtu anayetaka kusema, shingo nene imeketi kwenye kiwiliwili. Mwaka 2008 Andrew Reid na Ceri Ashley walionyesha kwamba kazi hiyo inaungana na ufinyanzi wa kandokando ya Ziwa Victoria wa miaka inayozunguka 1000 baada ya Kristo. Maana yake ni kwamba mfinyanzi wa Luzira alikuwa kazini karne mbili tatu tu baada ya Wamoche kutoweka, kwenye ufuko wa ziwa lile lile ambalo siku isiyo na ukungu Mgusii huliona akiwa juu ya vilima vyake.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo kila anayedai vitu vyetu virudi anapaswa kulijua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inaifunga British Museum isitoe vitu vilivyomo kwenye hifadhi yake, isipokuwa kwa sababu chache sana. Kichwa cha udongo cha Luzira kimefungwa na kufuli hilo. Kichwa cha mfupa hakijafungwa. Sheria ya mwaka 2004 kuhusu viungo vya binadamu, katika kifungu chake cha 47, iliyaruhusu majumba tisa ya taifa, yakiwamo British Museum na lile la historia ya viumbe la London, kurudisha mabaki ya mtu aliyekufa ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Otenyo alikufa 1908. Kwa hiyo anayeandika barua kuomba kichwa cha Otenyo anaomba kitu ambacho sheria ya Waingereza wenyewe inakiruhusu, na barua hiyo inastahili kukitaja kifungu hicho kwa namba, pamoja na mwaka, mji wa Kisii, na jina la Northcote, kwa sababu mafuvu ya kikoloni kwenye madaftari ya Ulaya mara nyingi yameandikwa kwa jina la mahali au la ofisa aliyeyatuma, wala si la marehemu.

Tumewahi kuona fuvu likirudi. Mtemi Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe. Ikapita miaka zaidi ya 30. Mwishowe gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, penye mafuvu karibu 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichukua vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, akatenga mafuvu yaliyokaribiana na vipimo hivyo, na kati ya hayo akateua moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 lilikabidhiwa kwa mjukuu, Adam Sapi Mkwawa, na liko Kalenga karibu na Iringa. Siku hizi wachunguzi wana chembe za urithi badala ya rula. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya kutoka Afrika Mashariki walitangaza kwamba wamewapata jamaa walio hai wa baadhi yao huko Tanzania.

Kilichonigusa katika kisa cha Mkwawa ni ile hatua ya kuanzia kwa walio hai. Kichwa kilichopotea kilitafutwa kupitia vichwa vilivyobaki. Kwa Gusii, kutafuta marehemu ndani ya wajukuu ni jambo tunalolifanya kila mtoto anapopewa jina. Basi na Tabaka ifanye hivyo kwa Otenyo, bila kungoja jibu la London.

Ninavyoona, kazi ingeanzia Kitutu, kwa ukoo wake, kwa ridhaa yao. Wachongaji wakae nao kama mfinyanzi wa Kimoche alivyokaa na yule mwenye kovu: wawatazame wazee, wanaume wa umri aliokuwa nao Otenyo, na watoto walioitwa kwa jina lake. Waulize wazee nani anafanana na nani, kwa sababu hilo wanalijua hadi vizazi vya nyuma. Wachore, wajaribu kwa jiwe jeupe ambalo halina hasara ukikosea, wafanye uso mmoja mara nyingi, akiwa mvulana, akiwa na mkuki, akiwa mbele ya bunduki. Jiwe la mwisho liwe lile jeusi gumu, kwa sababu jeupe likiachwa nje hunyonya maji na kuchubuka, na uso huu utasimama nje. Macho yachongwe, pua ichongwe, na ikivunjika katika kubebwa ichongwe nyingine. Wanawake wa msasa watajwe majina kwenye kibao pamoja na wachongaji, na wote walipwe kwa siku za kazi, si kwa kipande. Fedha zipo katika serikali za kaunti zote mbili kwa mambo madogo kuliko hili.

Tena kichwa hicho kiachwe wazi ndani, kama mtungi, na juu ya utosi kiwe na mdomo mpana wa kutosha kupitisha fuvu la mtu. Siku likirudi, litakuwa na pa kupumzikia wakati kaburi linachimbwa.